Nyumba ya Kungojea Wapagazi: Uhakiki wa Maudhui ya Mitandao ya Kijamii kuhusu Kwihara na Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maudhui ya mitandao ya kijamii yanavyouongoza ushiriki wa watalii katika Tabora na katika njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji. Mfano mkuu ni tembe la Kwihara, maarufu kama nyumba ya Livingstone. Uhakiki umeongozwa na dhana ya mtazamo wa mtalii ya Urry pamoja na dhana ya alama ya kivutio ya MacCannell. Aidha, maudhui hayo yamepimwa kwa kulinganishwa na masimulizi ya safari yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba ufupi wa picha na video hauipotoshi historia ya njia hiyo. Kinachoipotosha ni maelezo yanayonakiliwa kutoka vibao vya makumbusho na vitabu vya mwongozo, ambayo humfanya msafiri wa Ulaya kuwa mtendaji na kumwacha mpagazi nje ya picha. Makala yanahitimisha kwamba marekebisho yaanzie kwenye maelezo ya kivutio chenyewe.

1.0 Utangulizi

Taswira ya utalii wa Tanzania imejengwa juu ya maeneo machache. Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar ndizo zinazotangulia katika matangazo, na filamu ya Tanzania: The Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ushiriki wa Rais Samia Suluhu Hassan, ilizidisha umaarufu wa taswira hiyo nje ya nchi. Mwaka 2023 nchi ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.8. Njia zao za kawaida ni mzunguko wa kaskazini na visiwani. Tabora, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kitovu cha mawasiliano kati ya pwani na Maziwa Makuu, haimo katika njia hizo.

Hali hiyo inaipa kila picha ya Tabora uzito usio wa kawaida. Anayekutana na picha dhaifu ya Serengeti atakutana pia na nyingine nyingi zitakazoisahihisha, kwa kuwa mbuga hiyo imepigwa picha, imeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu kwa miongo mingi. Kwa Tabora, picha chache zenye maelezo ya mistari miwili zinaweza kuwa ndizo habari zote alizonazo mgeni kabla ya kushuka kwenye treni. Kwa sababu hiyo, swali la namna maudhui ya mitandao ya kijamii yanavyomwongoza mtalii lina uzito mkubwa zaidi mahali kama hapa kuliko katika maeneo yaliyokwisha kujulikana.

Maudhui yanayohakikiwa yanachukuliwa kama utanzu wenye kanuni zake. Utanzu huo una maumbo manne yanayojitokeza zaidi: picha ya mtalii mbele ya kivutio ikiambatana na maelezo mafupi, video fupi yenye muziki na sauti ya msimulizi, tathmini ya mgeni katika ramani na tovuti za usafiri, na tangazo la wakala wa safari. Hakuna mtumiaji wa mtandao anayetajwa kwa jina, kwa kuwa shabaha ya uhakiki ni kanuni za usimulizi zinazorudiwa na wengi, na mtu mmoja mmoja hawezi kubebeshwa lawama ya kanuni hizo.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Urry (1990) alieleza kwamba mtalii haoni mahali kwa macho matupu. Jicho lake limekwisha kufundishwa na picha, vitabu na matangazo aliyokutana nayo nyumbani. Anapofika hutafuta alichokwisha kukiona, hukipiga picha, kisha huirudisha picha hiyo kwa wengine kama ushahidi kwamba alifika. Duara hujifunga. Urry aliandika hayo kabla ya kuwapo kwa simu zenye kamera na mitandao ya kijamii, lakini vyombo hivyo vimelifanya duara lizunguke kwa kasi zaidi bila kubadilisha umbo lake.

MacCannell (1976) naye aliona kwamba kivutio cha utalii ni uhusiano wa mambo matatu: mtalii, mahali, na alama inayomweleza mtalii kwamba mahali hapo panastahili kuangaliwa. Alama yaweza kuwa kibao, kitabu cha mwongozo, simulizi ya mwongozaji au picha. Mara nyingi mtalii hukutana na alama kabla ya kukutana na mahali penyewe. Kwa mhakiki, dhana hii inafungua mlango wa pili. Badala ya kuishia kuuliza picha ya mtandaoni imesema nini, inapasa kuuliza maneno yanayoifuata picha hiyo yalitoka wapi.

Neno jingine linalohitaji kufafanuliwa ni ushiriki. Katika tafiti za masoko, ushiriki hupimwa kwa idadi ya waliopenda, waliotoa maoni na waliosambaza chapisho. Kipimo hicho kinaonyesha mwendo wa chapisho mtandaoni. Hakionyeshi mwendo wa mtalii mahali alipofika. Katika makala haya, ushiriki unamaanisha yale anayoyafanya mgeni akiwa katika kivutio: anamuuliza nani, anauliza nini, anakaa muda gani, anamlipa nani, na anaondoka na simulizi gani. Chapisho laweza kupendwa na maelfu huku likimfundisha mgeni kukaa dakika kumi mlangoni na kuondoka.

3.0 Kwihara: Picha ya Nyumba na Historia ya Nyumba

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini Tabora, katika eneo la Unyanyembe. Jengo linaloonekana leo ni tembe lililojengwa upya mahali palipohusishwa na makazi ya David Livingstone na Henry Morton Stanley. Katika maudhui ya mtandaoni, jengo hili huwa na pembe moja inayopendwa: ukuta wa udongo, mlango wa mbao ulionakshiwa, na mgeni amesimama katikati. Maelezo yake hayabadiliki sana. Yanasema kwamba hapa aliishi mvumbuzi na mmisionari mashuhuri, na kwamba alipambana na biashara ya utumwa. Hata yanapoandikwa kwa Kiswahili na mtalii wa ndani, mara nyingi ni maelezo yaleyale yaliyovuka kutoka Kiingereza. Kiima cha sentensi kinabaki kuwa Livingstone, na Tabora inabaki kuwa kielezi cha mahali.

Tarehe za nyumba hii zinasimulia jambo jingine. Stanley alifika Kwihara Juni 1871 akiwa na msafara aliouajiri pwani, na Agosti mwaka huo alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita dhidi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, vita ambavyo havikuwaendea vizuri Waarabu. Baada ya kukutana na Livingstone Ujiji mwishoni mwa 1871, wawili hao walifika Kwihara pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki. Alibaki kwa sababu hakuwa na watu wa kutosha kubeba mizigo, na pasipo watu hao hakuweza kuendelea na safari aliyoikusudia. Wapagazi 57 walioajiriwa kwa niaba yake pwani walimfikia tarehe 14 Agosti, miezi mitano kamili tangu Stanley aondoke. Siku 11 baadaye, tarehe 25 Agosti, msafara uling'oa kambi.

Kwa hiyo, sehemu kubwa ya muda uliompa Livingstone nyumba hii ni muda wa kungojea. Mtu ambaye maelezo ya picha humwita mvumbuzi alikaa hapa kwa kuwa hakuwa na wa kumbebea mizigo, na aliondoka kwa kuwa walifika. Wengi wa waliofika walikuwa watu wa pwani, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa utumwani. Mmoja wao ni Jacob Wainwright.

Simulizi ya nyumba haiishii hapo. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Abdullah Susi, James Chuma, Wainwright na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, ambako walikutana na msafara wa Verney Lovett Cameron. Cameron aliwashauri wauzike mwili huo huku huku bara. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na Aprili mwaka huo ulizikwa Westminster Abbey, London, Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza. Uamuzi wa kukataa ushauri wa ofisa wa Kiingereza ulifanywa na wapagazi na watumishi, na ulifanywa Unyanyembe. Ni vigumu kupata tukio linaloonyesha kwa uwazi zaidi nani alikuwa mwenye safari.

Tukio hili linajulikana katika vitabu. Hata hivyo, ni nadra kuwa kiini cha picha au video ya Kwihara. Yafaa kuuliza kwa nini.

Jibu la haraka ni kwamba mitandao ya kijamii haina nafasi ya historia ndefu. Jibu hilo halikidhi. Maelezo yafuatayo yangeweza kuwekwa chini ya picha ileile ya mlango ule ule: "Katika nyumba iliyosimama hapa, mwaka 1872, David Livingstone alingoja wapagazi kwa miezi mitano. Walifika 57 kutoka pwani. Mwaka uliofuata baadhi yao walirudi Unyanyembe wakiubeba mwili wake, wakakataa ushauri wa kuuzika bara." Maneno hayo hayazidi 40. Yana mvuto wa kisa, yana mgogoro, na msomaji atataka kujua kilichofuata. Ufupi, basi, haukumzuia mtu kuyaandika. Yaliyomzuia ni kwamba alama aliyoikuta ilimpa sentensi nyingine: jina la kivutio, vitabu vya mwongozo na desturi ya miaka mingi ya kuliita tembe hilo kwa jina la mgeni wake. Mwenye simu alinakili alichokikuta.

4.0 Bagamoyo hadi Ujiji: Jina, Mnyororo na Mwembe

Kwihara si mfano wa pekee. Ukiangaliwa mwenendo wa maudhui kuhusu njia nzima, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, motifu mbili nyingine zinajitokeza kando ya shujaa wa Ulaya.

Ya kwanza ni mnyororo. Katika Bagamoyo, video na picha nyingi hutegemea tafsiri moja ya jina la mji: mahali ambapo mtumwa aliuacha moyo wake kabla ya kuvushwa bahari. Tafsiri hiyo inagusa hisia na hueleweka mara moja na mgeni kutoka nchi yoyote. Ipo tafsiri nyingine inayotokana na wapagazi, ambao kwao Bagamoyo palikuwa mahali pa kubwaga mzigo na kuupumzisha moyo baada ya safari ya miezi mitatu au zaidi. Nyimbo za misafara zilizochapishwa zama za utawala wa Wajerumani zinausifu mji huo kama mji wa raha. Lindström (2019) ameonyesha kwa kina namna urithi wa Bagamoyo ulivyotengenezwa kuwa simulizi ya utumwa huku kumbukumbu za misafara ya pembe za ndovu ya Wanyamwezi zikinyamazishwa. Uhakiki huu unaikubali hoja hiyo na kuongeza kwamba unyamazishaji huo una matokeo mazito zaidi Tabora. Bagamoyo inapompoteza mpagazi, inabaki na bandari, misheni ya mwaka 1868 na ukaribu wake na Dar es Salaam. Tabora inapompoteza mpagazi, inapoteza sababu ya kuwapo kwake katika njia hiyo, kwa kuwa Unyamwezi ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya nguvukazi ya misafara.

Motifu ya pili ni mwembe. Ujiji ina miembe inayosimuliwa kuwa chipukizi la mti ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake, na Tabora ina miembe mikubwa inayohusishwa na wafanyabiashara na misafara ya zamani. Picha ya mwembe ni nzuri na haina ubishi. Tofauti ya maelezo, hata hivyo, ni kubwa. Mwembe wa Ujiji umepewa siku moja ya mwaka 1871 na watu wawili. Miembe ya Tabora haikupewa mtu yeyote, na kwa hiyo hubaki kuwa mandhari. Anayeipiga picha anasifu kivuli chake bila kuuliza nani alihitaji kivuli hicho, ingawa kwa mtu aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi kutoka pwani, kivuli kilikuwa sehemu ya posho yake.

Jina rasmi la njia nalo ni alama. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikiitambulisha kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na kuorodhesha Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo linataja bidhaa mbili zilizobebwa, mojawapo ikiwa ni binadamu aliyefanywa bidhaa. Halitaji wabebaji. Watengeneza maudhui wanapomwacha mpagazi nje, hawaendi kinyume cha simulizi rasmi, wanaifuata.

5.0 Masimulizi ya Safari ya Kiswahili kama Kipimo

Ili kuonyesha kwamba njia hii ingeweza kusimuliwa vingine, si lazima kubuni kipimo kutoka nje. Fasihi ya Kiswahili inacho tayari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya wasafiri wa pwani, akiwamo Selemani bin Mwenye Chande aliyesimulia safari yake ya bara. Mwaka 1902 na 1903 Heinrich Brode alichapisha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Matini hizi zilikusanywa na Wajerumani kwa mahitaji ya taaluma na utawala wao, na msimulizi alijua nani anamsikiliza. Pamoja na kasoro hiyo, zinahifadhi namna ya kuiona njia ambayo picha za leo hazina.

Katika masimulizi ya Tippu Tip, kufika mahali husimuliwa kwa kupitia watu. Msomaji huambiwa msafara umepokewa na nani, mtemi wa nchi ni nani, pembe zinauzwaje, nani anamdai nani. Tabora katika masimulizi hayo ni mahali pa ujamaa na siasa. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa na makazi huko na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Na ugomvi wa urithi wa utemi kati ya Mnwa Sele na Mkasiwa uliwaingiza wafanyabiashara Waarabu katika vita. Msomaji wa matini hiyo hawezi kuifikiria Tabora kuwa kituo kitupu kilichomngojea mgeni akipe maana. Anaiona nchi yenye wenyewe, ambao ndoa zao, madeni yao na magomvi yao ndiyo yaliyoamua msafara upite au usipite.

Kipimo hiki nacho kina mipaka yake. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na macho yake ni ya mwenye mizigo. Wapagazi katika simulizi yake mara nyingi ni idadi. Sauti ya mpagazi mwenyewe imebaki zaidi katika nyimbo, katika majina ya mahali na katika masimulizi ya koo za Unyamwezi. Hata hivyo, matini hizi zinathibitisha jambo moja la msingi: katika Kiswahili, neno safari lilibeba mwendo, watu na gharama zake muda mrefu kabla ya kuwa neno la utalii wa kutazama wanyama duniani kote. Maudhui ya leo yanalitumia neno hilo huku yakiuacha mwendo wenyewe, kwa kuwa yanaanzia kwenye kufika na kuishia hapo.

6.0 Ugumu wa Hoja: Upagazi na Utumwa

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Yaweza kusemwa kwamba kumweka mpagazi mbele ni kuufunika utumwa, na kwamba picha ya mnyororo, hata ikiwa imerudiwa mno, inalinda kumbukumbu ya waliodhulumiwa. Pingamizi hili lina nguvu. Rockel (2006) ameeleza upagazi wa Wanyamwezi kama kazi ya ujira yenye utaalamu, heshima na utamaduni wake: kirangozi aliyetangulia msafara, makubaliano ya posho, migomo, na vijana waliohesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya kufikia utu uzima. Lakini Deutsch (2006) anaonyesha kwamba Unyamwezi ya wakati huo huo ilikuwa na watumwa wengi, na kwamba utumwa huko haukwisha kwa tangazo la siku moja. Watumwa walilima mashamba ya wafanyabiashara na ya watawala wa Unyanyembe, na wengine walibeba mizigo kwa amri ya mabwana zao. Mpaka kati ya mpagazi huru na mtumwa haukuwa wazi siku zote.

Kwa hiyo uhakiki hautaki picha ya mnyororo iondolewe ili picha ya mpagazi mwenye furaha ichukue nafasi yake. Hilo lingekuwa kubadilisha kosa moja kwa jingine. Kasoro ya maudhui yaliyopo ni kwamba yanawachanganya watu wawili kuwa mmoja. Kila Mwafrika aliyetembea katika njia hii huonekana kuwa mtumwa aliyefungwa, na kwa mkanganyiko huo wote wawili wanapotea. Mpagazi anapoteza ujira wake, ujuzi wake na uamuzi wake. Mtumwa anapoteza mahali pake mahususi, kwa kuwa simulizi inamtuma moja kwa moja ng'ambo ya bahari na kumsahau aliyebaki akilima nje ya tembe la Unyanyembe, ambaye wajukuu wake huenda bado wanaishi mkoani. Mtalii aliyefundishwa kutafuta mnyororo Kwihara hatauliza nani alipanda mtama uliolisha nyumba hiyo. Swali hilo lina uchungu kwa wenyeji wengi, na ndilo linalohitaji mwongozaji aliyeandaliwa.

7.0 Ushiriki wa Mtalii na Wajibu wa Maelezo ya Kivutio

Matokeo ya yote haya kwa mtalii yanaweza kuelezwa kwa kurejea maswali ya sehemu ya pili. Maelezo yanayomfanya Livingstone kuwa kiini yanamwelekeza mgeni kuuliza maswali ambayo majibu yake yako London na Glasgow: alizaliwa wapi, aliandika nini, alizikwa wapi. Mwongozaji wa Tabora anabaki kuyarudia aliyoyasoma, na mgeni aliyesoma zaidi anaweza kumsahihisha. Maelezo yanayomweka mpagazi kuwa kiini yanageuza mizani. Maswali yanakuwa ya njia, mizigo, vyakula, koo na nyimbo, na mwenye majibu, au mwenye kujua wa kumuuliza, ni mwenyeji. Muda wa kukaa unaongezeka kwa kuwa majibu hayamo ukutani. Yamo kwa watu wa vijijini, sokoni, na katika familia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapati nafuu kutokana na mgeni asiyemhitaji hata kwa swali moja.

Kuna pia suala la hifadhi. Mahali panapopigwa picha hupata walinzi na fedha. Pasipopigwa picha huachwa. Njia ya misafara ilikuwa mamia ya kilomita za visima, kambi, vivuko na matembe, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 iliinyima sehemu kubwa ya wapitaji wake. Iwapo urithi wa njia utaendelea kuhesabiwa kwa nyumba mbili tatu zenye majina ya Wazungu, kambi ambako maelfu walilala hazitakuwa na sababu ya kulindwa, na wazee wanaozijua watafariki bila kuulizwa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vibao na maelezo ya Kwihara yaandikwe upya, yaanzie na wapagazi waliongojewa na waliorudi, na yaandikwe kwa Kiswahili kabla ya kutafsiriwa. Kwa kuwa watengeneza maudhui hunakili alama wanayoikuta, kubadilisha kibao kimoja kunaweza kubadilisha mamia ya machapisho bila kumlazimisha mtu yeyote. Pili, watafiti wa fasihi simulizi wakusanye nyimbo na masimulizi ya upagazi na ya utumwa katika Unyamwezi, yakiwekwa pamoja ili moja lisilifunike jingine. Tatu, tafiti za utalii ziache kuhesabu ushiriki kwa vidole vilivyobonyeza pekee, na zianze kuuliza yaliyotendeka mahali penyewe.

Ipo hatari katika pendekezo la kwanza. Kibao kipya nacho kinaweza kugeuka kanuni mpya inayonakiliwa bila kufikiriwa, na mpagazi akawa shujaa mwingine wa kusimama mlangoni. Kinga ya hatari hiyo ni kuandika maelezo yanayoacha swali wazi na kumtaja mwenyeji wa kuulizwa, badala ya maelezo yanayofunga mjadala.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba maudhui ya mitandao ya kijamii kuhusu Tabora na njia ya misafara yanamfundisha mtalii kufika pasipo kuiona njia, na kwamba mafundisho hayo yametangulia simu yenyewe. Yalianza katika majina ya vivutio, vibao na orodha rasmi, kisha yakaongezewa kasi na duara la picha. Mfano wa Kwihara umethibitisha kwamba historia iliyoachwa si ndefu kupita uwezo wa chombo. Inaweza kusemwa kwa maneno 40, na tarehe zake zinajulikana: Machi hadi Agosti 1872, nyumba ya mtu aliyengoja, Oktoba 1873, Unyanyembe ya watu waliokataa kuuacha mwili wa mwenzao njiani. Watu hao walikuwa na majina, na machache kati ya hayo yamehifadhiwa. Wapagazi wengine wengi wa Unyamwezi, ambao hawakumbeba Mzungu yeyote mashuhuri na kwa hiyo hawakuandikwa, wanangoja utafiti utakaoanzia kwa wajukuu wao.